Daftari la Nusura: shajara ya mradi wa usalama wa wagonjwa, Kisumu 2025

Jumatatu, 13 Januari

Tumeanza kwa upungufu wa viti. Chumba cha mikutano kina viti 28, waliokuja ni 41, na feni ni moja. Waliochelewa wamesimama mlangoni wakizuia hata ule upepo kidogo unaotoka ziwani.

Mpango ulivyo kwenye karatasi: mafunzo kila Alhamisi alasiri hadi Agosti, kila kitengo kwa zamu yake, kisha Septemba wakaguzi wa nje waje watupime kama tunastahili ithibati ya ubora. Hospitali yetu ni ya ukubwa wa kati, hapa Kisumu. Jina nalihifadhi, maana humu nitaandika makosa yetu yalivyo. Mimi ni muuguzi, miaka 14 kazini, 9 kati yake wadi ya uzazi. Novemba nilipewa cheo cha mratibu wa ubora. Yaani meza, kompyuta inayojizima yenyewe, na lawama.

Swali la kwanza limetoka kwa karani wa mapokezi: "Leseni si tunayo? Hii ithibati nayo ni ya nini?" Ameuliza vizuri kuliko slaidi zangu zote. Leseni ya KMPDC, baraza la serikali linalosimamia madaktari na hospitali, ni lazima. Bila hiyo unafungiwa. Ithibati unaitafuta mwenyewe. Unamwita mgeni, anakuja na kitabu chake cha viwango, anazunguka nawe wadi hadi wadi akiuliza maswali ambayo wewe umezoea kuyaruka. Na hao wanaotoa ithibati nao hupimwa: lipo shirika la kimataifa liitwalo ISQua, lililoanzishwa 1985, linalokagua viwango vya wakaguzi. Karani akarudi: "Na hao ISQua wanakaguliwa na nani?" Chumba kikaangua kicheko, tukaenda chai.

Tumechagua mfumo wa ngazi badala ya ule wa kufaulu au kuanguka. Unaojulikana zaidi huku ni SafeCare, ulioanzishwa 2011 na mashirika matatu, PharmAccess, Joint Commission International na COHSASA ya Afrika Kusini, ambao humpa kila mtu ngazi yake kuanzia 1 hadi 5, hata zahanati ya chumba kimoja. Mkurugenzi anataka tufike 4. Mimi nimesema 3, na hiyo 3 kwa jasho.

Alhamisi, 23 Januari

Mkufunzi wa kukodi ametoka Nairobi na slaidi 112, zote za Kiingereza. Anayajua mambo yake, sina ubishi. Lakini nusu ya darasa leo walikuwa wahudumu wa usafi, wapishi na askari wa lango, na kufikia slaidi ya 30 wapishi walikuwa wanaangaliana. Mmoja alinikonyeza kama mtu aliye msibani kwa watu asiowajua.

Kilichonikwaza zaidi ni jibini. Mwaka 1990 mwanasaikolojia Mwingereza James Reason alieleza ajali kwa njia ambayo baadaye ilichorwa kama vipande vya jibini yenye matundu. Kila kipande ni kinga, kila tundu ni udhaifu, na ajali hutokea matundu yanaponyooka mstari mmoja. Wazo ni zuri sana. Shida ni kwamba hapa ukitaja jibini, wachache walioila wameila ya pakiti, laini kama sabuni, haina tundu hata moja.

Baada ya chai nikaomba dakika kumi. Nikawaambia: chukua vyandarua vitatu vilivyotoboka, uvitundike kimoja juu ya kingine. Mbu anapita cha kwanza, anagonga cha pili. Siku atakapokuuma ni siku ambayo matundu yote matatu yameelekeana. Sasa ukiamka umeumwa utamchapa nani, chandarua cha ndani? Mpishi aliyenikonyeza akasema, "Utashona yote." Tukaendelea kwa Kiswahili, na Dholuo, lugha ya Wajaluo wa huku, pale ilipobidi.

Uamuzi: mkufunzi amalize siku zake mbili zilizolipiwa, kisha mafunzo tufanye wenyewe. Mhasibu amefurahi kuliko inavyompasa.

Alhamisi, 6 Februari

Leo nimeleta darasani kisa chetu wenyewe, cha Oktoba mwaka jana. Ndicho kilichozaa mradi huu, na mpaka leo watu walikuwa wanakisema kwa kunong'ona.

Usiku, wadi ya uzazi, wanawake wawili vitanda jirani. Wote Akinyi, na jina la baba pia moja. Mmoja anasubiri kupasuliwa, damu yake inatolewa ipelekwe maabara kupimwa kundi na kuandaliwa chupa. Mwenzake anatolewa damu ya kipimo cha kawaida. Vichupa viwili vinafika maabara. Fundi wa zamu anapima kile cha upasuaji, anapata kundi A. Angetoa majibu tu aende zake. Ila alikuwa na kijitabu cha kliniki cha mama, akakifungua: kliniki ilikuwa imeandika O. Akakataa kutoa damu, akapiga simu, akaomba damu itolewe upya. Ikarudi O.

Mtu wa kundi O akitiwa damu ya A, mwili wake unaishambulia damu ile palepale. Figo zinaweza kufa, na yeye pia. Kilichomwokoa ni kijana mmoja aliyefungua kijitabu saa tisa usiku.

Oktoba ile hatua iliyochukuliwa ilikuwa barua ya onyo kwa muuguzi. Leo tumeuliza kwa nini mara tano, ule mtindo wa viwanda vya Toyota, na nimeandika majibu ubaoni jinsi darasa lilivyoyatoa. Kwa nini kichupa kilikuwa na jina la mwingine? Kwa sababu vibandiko viliandikiwa kwenye meza ya wauguzi, si kando ya kitanda. Kwa nini mezani? Kwa sababu kalamu iko mezani. Kwa nini kalamu isibebwe? Imefungwa kwa uzi kwenye kitabu cha kulaza wagonjwa. Kwa nini imefungwa? Kalamu hupotea. Kwa nini hupotea? Hapo kimya, kisha mtu wa nyuma: "Kwa sababu stoo inatoa kalamu mbili kwa mwezi, kwa wadi nzima, na daktari akiazima harudishi."

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Yule muuguzi aliyepewa barua alikuwemo darasani. Hakusema neno, lakini alikuwa anauangalia ule ubao bila kupepesa.

Jioni nimepanda stoo na ombi la kalamu 40, moja kwa kila trei ya kutolea damu, na kanuni ya mstari mmoja: kichupa kinaandikwa jina mbele ya mwenye damu, au kinatupwa. Kalamu ni shilingi ishirini. Karani wa stoo ameniuliza mara mbili kama ni 40 au 4.

Jumanne, 11 Februari

Tunahitaji mahali pa kuandika mambo kama lile la damu kabla hayajawa maafa. Fomu ya ripoti ya tukio ipo tangu zamani: kurasa tatu, sehemu ya sahihi ya msimamizi, na sehemu iliyoandikwa "jina la mhusika". Mwaka mzima wa 2024 ilijazwa mara tatu, na mara zote tatu ni mgonjwa kuanguka kitandani, jambo ambalo huwezi kulificha hata ukitaka.

Nimenunua daftari la kawaida, lile gumu la kurasa 200, moja kwa kila wadi. Jina lake halikunipa shida. Lugha ilishaliweka tayari. Nusura nimpe dawa ya jirani. Nusura aanguke. Nusura tufunge tumbo na gozi ndani. Kwa hiyo: Daftari la Nusura. Unaandika kilichotaka kutokea na kilichokizuia. Jina lako si lazima, la mwenzako ni marufuku. Metroni ameuliza kama mtu akija zamu amelewa naye ataponea humo. Hapana. Kuna kuteleza na kuna kupuuza, na anayekuja amelewa hilo si la daftari hili. Huyo ana ofisi yake ya kwenda.

Wiki ya kwanza: ingizo moja. Langu.

Alhamisi, 20 Februari

Somo la leo, kumtambua mgonjwa. Kabla ya darasa nimepita wadi ya uzazi na karatasi. Wagonjwa 22. Akinyi wanne, Atieno watatu, Achieng' watatu, Adhiambo wawili. Ukiita "Akinyi" mlangoni, vichwa vinne vinageuka.

Vitabu vya usalama wa wagonjwa vinasema tumia vitambulisho viwili, jina na tarehe ya kuzaliwa kwa mfano, na namba ya kitanda usiihesabu kamwe. Lakini huku kwetu jina lenyewe ni saa ya kuzaliwa. Aliyezaliwa asubuhi ni Akinyi, usiku ni Atieno, jua la mchana Achieng'. Jina limebeba habari, ila si habari ya kutofautisha watu wawili waliozaliwa alfajiri. Na tarehe? Wazee wengi wanaoletwa hapa wanajua mwaka tu, na wengine wanaukumbuka kwa njaa au mafuriko. Tumeamua: majina matatu kamili na namba ya kulazwa, yote kwenye bangili ya mkononi, isomwe kabla ya dawa, kabla ya damu, kabla ya kipimo.

Sehemu iliyochukua muda ni namna ya kuuliza. Ukimwambia mgonjwa, "Wewe ni Achieng'?" atakujibu ndiyo. Atajibu ndiyo kwa sababu hakusikia vizuri, kwa sababu ana homa, kwa sababu umevaa koti jeupe na yeye kafunzwa adabu. Muulize, "Unaitwa nani?" Kwa Dholuo, Nyingi ng'a? Anayejibu ni yeye, si wewe. Tumeigiza wawili wawili, na afisa wa kliniki mmoja, mtu wa miaka ishirini kazini, ameshindwa mara tatu mfululizo, ulimi unarudi wenyewe kwenye "Wewe ni...?"

Alhamisi, 6 Machi

Stoo. Mwongozo wa ubora wa Wizara yetu, ule unaoitwa KQMH, unatumia zile S tano za Kijapani za kupanga mahali pa kazi: seiri, seiton, seiso, seiketsu, shitsuke. Tumebishana nusu saa kuhusu Kiswahili chake. Seti, safisha, sanifisha, shikilia, hizo sawa. Ya kwanza mtu wa stoo akasema "sasambua", na metroni akakataa katakata kwa kuwa kwake kusasambua ni kuvua nguo. Tumebaki na "chambua" hata kama haianzi na S.

Tuliyochambua: viti vya magurudumu 6 visivyo na magurudumu, mabango ya NHIF, bima ya afya ya zamani ambayo tangu Oktoba mwaka jana imeshaipisha SHA, na katoni ya glavu nzima, nzuri, zilizofichwa na mtu aliyeogopa zitaisha. Hiyo katoni nimeiandika kwenye daftari.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Wiki iliyopita walikuja sita. Wengine wanakaa upande wa Ahero na wanaogopa barabara jioni. Daftari zote pamoja: ingizo 9 tangu tuanze, na 4 ni mwandiko wangu. Alama za CPD, yaani za mafunzo endelevu, za kuhuishia leseni ndizo zilizowaleta watu Januari; wakishazipata, kiti kinabaki kitupu. Siwalaumu sana. Nimehamisha darasa: badala ya saa mbili Alhamisi, dakika 15 wakati wa kupokezana zamu, wadini, watu wakiwa wamesimama.

Alhamisi, 10 Aprili

Thieta. Nimeiogopa hii tangu mwanzo.

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilitoka 2008. Ina mambo 19 na vituo vitatu: kabla ya nusukaputi, kabla ya kisu, kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Sisi tunayo. Iko kwenye kila faili, imejazwa vizuri, tiki zote 19. Kwenye takwimu za robo mwaka tumeandika asilimia 100.

Saa mbili na nusu asubuhi nimeingia thieta kuangalia. Mgonjwa wa kwanza bado yuko kwenye machela nje, anatetemeka kwa baridi ya kiyoyozi na woga. Juu ya kaunta ndani kuna fomu yake. Imeshajazwa. Gozi zimehesabiwa na zimetimia, tumbo ambalo halijafunguliwa. Sampuli imeandikwa jina, sampuli ambayo haijakatwa. Chini yake fomu ya mgonjwa wa pili, tiki 19 vilevile, na huyo alikuwa bado hajaoga.

Sikupiga kelele. Nilimuuliza sista wa thieta, mama ninayemheshimu, aliyenifundisha kuvaa glavu. Akanijibu bila kuona haya: "Mwanangu, daktari akishaanza hataki kusikia sauti. Nikianza kusoma orodha ananiambia nisimcheleweshe. Sasa najaza mapema, karatasi iwe salama."

Karatasi iwe salama. Nimeandika maneno hayo nyuma ya mkono wangu nisiyasahau.

Daktari mpasuaji nimempata saa saba akila ugali na mbuta. Alisema alichosema kila mtu: haya mambo yametungwa Ulaya kwa hospitali za Ulaya, sisi tuna foleni. Hapo nilikuwa nimejiandaa. Orodha ile ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane. London imo, Toronto imo, Seattle imo, lakini imo pia Ifakara, Tanzania. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo mengine kutoka 11 hadi 7, kwa hospitali zote kwa jumla. Akaacha kutafuna. "Ifakara ipi, ile ya Kilombero?" Ndiyo, ileile. Alikuwa amepita huko enzi za uanafunzi, anajua barabara yake ilivyokuwa. Sijui ni takwimu au ni kumbukumbu ya ile barabara, lakini amekubali wiki mbili za majaribio, kwa sharti moja: asome yeye mwenyewe, kwa sauti.

Hilo sikulitegemea, na ni bora kuliko nilichoomba. Jambo moja kwenye orodha ni kila aliyemo chumbani kutaja jina na kazi yake. Akisoma yeye, hata mhudumu wa kusukuma machela atataja jina lake mbele ya daktari, na mtu aliyekwisha kusikika mara moja si vigumu kusema mara ya pili, "Daktari, gozi moja haijarudi."

Jumatatu, 28 Aprili

Wiki mbili za thieta zimeisha. Ingizo tatu kwenye daftari la thieta, ambalo lilikuwa jeupe tangu Februari. Moja ni la mguu: fomu ya idhini ilisema wa kulia, mgonjwa akaonyesha wa kushoto, na picha ya eksirei ikakubaliana na mgonjwa.

Daktari hakurudi kwangu kusema lolote. Anaendelea kusoma.

Jumatatu, 5 Mei

Siku ya Kimataifa ya Usafi wa Mikono. Mabango tumetundika, sawa. Kazi yenyewe ilifanyika Ijumaa kwa mfamasia.

Tatizo letu la mikono halikuwa elimu. Watu wanajua zile nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi kamili, baada ya majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Tatizo ni sinki mbili kwa wadi ya watu 22, na moja haitoi maji. Sanitaiza ya dukani ni ghali na nyingine ukiipaka unabaki na ngozi kama ya samaki wa kukausha.

Kwa hiyo tunapika wenyewe, kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani. Kwa lita 10: ethanoli ya asilimia 96, mililita 8,333, peroksidi ya haidrojeni ya asilimia 3, mililita 417, gliserini mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka kufikia alama. Tuko kwenye ukanda wa miwa, na molasi ya Muhoroni hugeuzwa kuwa ethanoli, hivyo malighafi haitoki mbali. Mfamasia amevaa miwani, madirisha wazi, na onyo la moto mlangoni. Peroksidi haipo kwa ajili ya mikono. Kazi yake ni kuua mbegu za bakteria zilizojificha ndani ya dumu, na ndiyo maana mchanganyiko unakaa saa 72 kabla ya kuguswa. Mhudumu mmoja amesogea, akanusa, akauliza kama kuna chang'aa inayosubirishwa siku tatu. Dumu limefungwa kwa kufuli.

Sugua sekunde 20 hadi 30. Wauguzi wa usiku wamegundua kipimo chao: Baba Yetu moja, kwa mwendo wa kawaida, bila kukimbilia amina.

Alhamisi, 12 Juni

Kikao cha bodi. Nimeingia na jedwali la ukurasa mmoja. Daftari za Nusura: Februari 2, Machi 7, Aprili 15, Mei 31.

Mjumbe mmoja, mfanyabiashara mwenye akili za hesabu, akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo tumelipia mafunzo, na makosa yameongezeka mara kumi na tano." Mkurugenzi akaniangalia. Mwingine akauliza kama wakaguzi wataona jedwali hili, na kama ni lazima.

Nilikuwa nimelala nikilitarajia swali hilo. Nikawauliza wanakumbuka vipimo vya haraka vya malaria vilipofika zahanati za kando ya ziwa. Kabla yake, mwenye homa alipewa dawa ya malaria na kuandikwa malaria, au hakuandikwa kabisa. Vikaja vipimo, na ghafla kila kijiji kina hesabu yake. Je, mbu waliongezeka wiki ile? Walikuwepo. Kilichoongezeka ni macho. Mwaka 2024 hatukuwa na makosa matatu. Tulikuwa na fomu tatu. Kama mwezi ujao ingizo zitarudi mbili, hapo ndipo mniite ofisini, kwa sababu itakuwa watu wameogopa tena.

Nikawaonyesha kitu kingine kwenye jedwali, safu ya kulia: "aliyeizuia". Kati ya 31 za Mei, 5 zilizuiwa na wahudumu wa usafi na 3 na ndugu wa mgonjwa. Mfanyabiashara akasoma hiyo safu kwa muda mrefu. Hakusema amekubali. Alisema, "Endelea kuleta hii karatasi," na wakaingia kwenye ajenda ya paa linalovuja.

Alhamisi, 17 Julai

Kitengo cha watoto wachanga. Nilidhani somo la majina tumelimaliza Februari. Huku pacha wa kwanza ni Opiyo au Apiyo, wa pili Odongo au Adongo. Hakuna mjadala wa jina, mpangilio wa kuzaliwa umeshaamua. Leo kuna jozi mbili za mapacha kwa wakati mmoja, zote za kiume. Opiyo wawili, Odongo wawili, na kadi za vitanda vyao zimeandikwa majina hayo kwa penseli.

Bangili mpya, kifundo cha mguu: majina matatu ya mama, namba yake ya kulazwa, jinsia, tarehe na saa, pacha wa kwanza au wa pili. Inafungwa chumba cha kujifungulia, mbele ya mama, naye anaisoma au anasomewa. Muuguzi kijana amelalamika mguu ni mdogo kuliko maandishi. Kweli. Tumepunguza saizi ya herufi.

Alhamisi, 14 Agosti

Ingizo la leo kutoka wadi ya wanaume, mwandiko wa muuguzi, maneno ya nyanya wa mgonjwa, dani kwa Dholuo: "Dani amesema, mbona yule wa jana alisoma mkono wa mjukuu wangu kabla ya sindano na wewe husomi." Sindano ilikuwa yake kweli, hakuna kosa. Muuguzi ameiandika hata hivyo.

Alhamisi, 4 Septemba

Ukaguzi wa majaribio, na wenzetu wa hospitali jirani kama wageni. Tumeanguka kwenye friji ya dawa: oksitosini inataka nyuzi 2 hadi 8, karatasi ya kuandikia joto imejazwa 5, 5, 5, 5 mwezi mzima, hata Jumapili ile umeme ulipopotea mchana kutwa. Karatasi iwe salama, tena. Nilidhani tumeshaizika hiyo Aprili.

Jumatano, 17 Septemba

Siku ya Usalama wa Wagonjwa Duniani, huadhimishwa tangu 2019. Mwaka huu ni ya watoto wachanga na watoto kwa jumla. Hatukufanya sherehe, tumefunga bangili.

Ijumaa, 26 Septemba

Wakaguzi wawili, siku mbili, wameondoka saa kumi. Majibu yatakuja baadaye, kwa hiyo naandika nilichokiona tu.

Hawakuanza na ofisi yangu. Walichukua faili moja, mama aliyepasuliwa wiki hii, wakamfuata njia yake yote: lango, mapokezi, maabara, thieta, wadi, dirisha la malipo. Kila kituo wakamuuliza aliyekuwepo, si mkubwa wake. Askari wa lango alionyesha kizima moto na tarehe yake. Mhudumu wa usafi aliulizwa kisanduku cha sindano kinafungwa lini. Akasema kikijaa robo tatu, kisha bila kuulizwa akaeleza ndoo nyeusi, ya njano na nyekundu, na kwa nini alimkatalia daktari fulani wiki iliyopita. Thieta, orodha ilisomwa kwa sauti, na daktari alijitaja jina kama mtu asiyejulikana na yeyote mle ndani.

Friji imeandikwa 5, 6, 9, 5. Ile 9 ina maelezo mstari wa pembeni. Mkaguzi aliipiga picha.

Waliomba Daftari la Nusura la wadi ya uzazi, wakakaa nalo kama dakika ishirini. Mmoja akauliza nani aliandika lile la kalamu. Nikasema darasa zima.

Mwishoni, wakiwa wanaaga, mama mmoja kwenye kitanda cha dirishani aliomba nimsogezee meza yake ya chakula. Nikaisogeza, nikageuka, nikampa mkaguzi mkono. Hakuupokea. Aliangalia kichupa cha sanitaiza kilichoning'inia kwenye kitanda, kisha akaniangalia mimi, akitabasamu kidogo. Wakati wa tano: baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka mgonjwa. Nimeufundisha tangu Januari.

Nikasugua, Baba Yetu nzima, mbele yao wote. Kisha nikaomba kalamu kwenye trei. Wadi ya uzazi, ingizo namba 58. Nimeweka na jina.